Kinga ya Kifaranga Huanzia kwa Samaki Mzazi

Hotuba kwa wafugaji wa samaki wa baharini, maofisa uvuvi na wanafunzi wa ufugaji wa viumbe maji

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maofisa uvuvi, walimu wangu, wanafunzi, na hasa ninyi wafugaji mlioacha mabwawa na vizimba vyenu ili mje kusikiliza, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Mada niliyopewa ni milipuko ya magonjwa ya virusi kwa samaki wa baharini wanaozalishwa katika vituo vya kutotolesha vifaranga. Virusi vinavyowashambulia samaki hao ni vya aina nyingi, na anayetaka kuvitaja vyote kwa saa moja atawachosha wasikilizaji bila kuwaachia kitu cha kushika. Kwa hiyo nimeamua kukaa zaidi kwenye ugonjwa mmoja, ambao wataalamu wa dunia nzima huuita kwa kifupi VNN, yaani ugonjwa wa virusi unaoua chembe za neva katika ubongo na macho ya samaki. Nimeuchagua kwa sababu umezipitia karibu nchi zote zilizotutangulia katika kazi hii, kwa sababu aina yake moja kubwa hupenda maji ya joto kama haya ya kwetu, na kwa sababu historia yake inathibitisha jambo ninalotaka kulitetea mbele yenu leo: kwamba mapambano dhidi ya virusi katika kituo cha vifaranga huamuliwa kabla yai halijatagwa, pale tunapochagua samaki gani awe mzazi, ale nini, akae katika maji gani, na apimwe na nani.

Tuanze na kituo chenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kufuga mwatiko ambao vifaranga wake hukusanywa kwa nyavu wakati wa bamvua, katika vijito vya mikoko. Kituo cha kutotolesha hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Samaki wazazi wachache huwekwa kwenye matangi makubwa, hulishwa vizuri, kisha hutaga wenyewe au husaidiwa kwa homoni. Jike mmoja wa samaki wa baharini anaweza kutoa mamia ya maelfu ya mayai, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu milimita moja, yakaelea juu ya maji. Viluwiluwi wanaoanguliwa hawana mdomo uliofunguka. Kwa siku mbili tatu za kwanza huishi kwa kiini cha yai, kisha huanza kula rotifa, vijidudu vya majini vidogo mno, na baadaye artemia, vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi. Wiki kadhaa hupita kabla kiluwiluwi hajapata umbo la samaki, magamba, na mfumo wa kinga unaoweza kumtambua adui na kumkumbuka. Katika wiki hizo, maelfu kwa maelfu ya viumbe waliozaliwa pamoja, wenye umri mmoja na udhaifu mmoja, huogelea katika tangi moja. Hakuna mahali baharini ambapo viluwiluwi hukusanyika kwa msongamano wa namna hiyo, na hilo ndilo linalokifanya kituo kiwe mahali pa hatari kubwa hata kama maji yake ni masafi na wahudumu wake ni hodari.

VNN ikiingia humo, dalili hujitokeza kwa haraka. Viluwiluwi hukataa chakula. Baadhi yao hugeuka rangi wakawa weusi kuliko kawaida. Wengine huogelea kwa kuzunguka kama pia, wakatulia, wakazunguka tena. Wengine huelea tumbo juu kwa sababu kibofu chao cha hewa kimejaa kupita kiasi. Ukikata ubongo au retina ya mmoja wao na kuitazama kwa hadubini, unaona matundu mahali palipokuwa na chembe hai. Samaki aliyepoteza macho na uwezo wa kujisawazisha majini hawezi kuwinda rotifa, kwa hiyo hata yule ambaye virusi havijammaliza humalizwa na njaa. Katika matangi ya viluwiluwi wachanga, vifo vinaweza kufika asilimia 100 ndani ya siku chache.

Japani ndiyo nchi ambayo habari hii iliandikwa kwa ukamilifu wa kwanza, na kuna sababu. Tangu miaka ya 1960 nchi hiyo ilikuwa imejenga vituo vingi vya kuzalisha vifaranga, si kwa ajili ya wafugaji wa vizimba peke yao, bali pia kwa ajili ya kuwaachia baharini ili kuongeza samaki wa wavuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vituo hivyo vilianza kupoteza viluwiluwi wa samaki anayeitwa kwao shima-aji, ambaye kitaalamu ni Pseudocaranx dentex. Sisi tungemtambua mara moja kuwa ni jamaa wa kolekole. Viluwiluwi walikufa siku chache tu baada ya kuanguliwa, kundi zima kwa kundi zima. Mwaka 1990 watafiti wa Japani walieleza ugonjwa wa namna hiyo kwa samaki mwingine wa kwao, na mwaka 1992 Koh-ichiro Mori na wenzake walithibitisha kwamba kirusi cha shima-aji ni cha familia ya Nodaviridae, familia ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa wadudu, na ambayo jina lake limetokana na kijiji cha Nodamura nchini Japani ambako kirusi cha kwanza cha ukoo huo kilipatikana kwa mbu.

Kulitambua tatizo hakukuwapa tiba. Dawa ya kuua kirusi hiki ndani ya samaki haikuwapo wakati ule, na haipo leo. Chanjo nayo haikuweza kuwasaidia viluwiluwi, kwa sababu chanjo hufundisha mfumo wa kinga, na kiluwiluwi wa siku tatu bado hana mfumo wa kufundishwa. Watafiti wakabaki na swali moja la maana: virusi vinatoka wapi, ikiwa maji yamechujwa na matangi yameoshwa, na bado viluwiluwi wanaugua tangu siku ya kwanza ya uhai wao?

Jibu lilipatikana ndani ya matumbo ya wazazi. Samaki waliokuwa na afya njema kwa kutazamwa, wanene, wanaokula na kutaga bila shida, walikutwa na virusi katika mifuko ya mayai. Ikagunduliwa pia kwamba samaki anayetagishwa mara nyingi mfululizo ndani ya msimu mmoja hudhoofika, na virusi vilivyokuwa vimejificha mwilini mwake huongezeka na kutoka pamoja na mayai. Kwa maneno mengine, bidii ya kituo kupata mayai mengi zaidi kutoka kwa jike yuleyule ndiyo iliyokuwa ikichochea mlipuko. Nawaomba wasimamizi wa vituo waliomo ukumbini humu walizingatie jambo hili kwa uzito, kwa kuwa shinikizo la kutoa mayai mengi kwa wazazi wachache ni kubwa hasa katika vituo vichanga vyenye samaki wachache na wateja wengi wanaosubiri.

Mwaka 1994 watafiti wa Japani walichapisha njia ya kukitafuta kirusi cha shima-aji kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ambacho baada ya miaka ya UVIKO-19 hakihitaji kuelezwa kwa undani mbele ya hadhira hii. Mwaka huohuo wakaonyesha matokeo ya kukitumia kwa wazazi: jike aliyepatikana na virusi aliondolewa, aliyepimwa na kutoonekana navyo aliruhusiwa kutaga, na viluwiluwi wake wakalelewa bila kuugua. Huko Hokkaido, samaki wa jamii ya gayogayo walilindwa kwa kuunganisha hatua tatu: PCR, kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili zinazoonyesha kuwa samaki amewahi kukutana na kirusi, na kuyaosha mayai kwa maji ya bahari yenye ozoni. Hakuna hatua katika hizo iliyomgusa kiluwiluwi mwenyewe. Zote zilifanyika kabla hajaanguliwa.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba kumpima mzazi kunamaliza kazi yote. Kwa chewa, Wajapani waliona kwamba samaki aliyetoka kituoni akiwa salama anaweza kuambukizwa baadaye, akiwa amekua na yuko kizimbani baharini, kwa kuwa samaki wa porini wanaopita karibu na kizimba hubeba virusi bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa chewa hao ilibidi itengenezwe chanjo ya sindano, inayotolewa samaki akiwa mkubwa vya kutosha. Hapo ndipo penye mgawanyo wa kazi: chanjo humlinda samaki anayekua, ilhali kiluwiluwi hulindwa na usafi wa mzazi, wa yai na wa maji, basi.

Australia ilipita njia inayofanana. Samaki wao maarufu wa kufuga ni barramundi, Lates calcarifer, ambaye ni ndugu wa karibu wa sangara wa Ziwa Victoria, ingawa yeye huzaa kwenye maji ya chumvi na kukua hata kwenye maji yasiyo na chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viluwiluwi wa barramundi katika jimbo la Queensland walikufa kwa wingi, na katika ubongo wao zikaonekana chembechembe za virusi vidogo mno. Kwa kuwa vifaranga wa barramundi husafirishwa mbali na pwani, wakapandikizwa kwenye mabwawa na mito ya bara, Waaustralia waliona haraka kwamba lori moja la vifaranga linaweza kupeleka ugonjwa mahali ambapo haujawahi kufika, tena kwa samaki wa asili wasiohusika kabisa na biashara hiyo. Upimaji wa vifaranga kabla ya kuhamishwa ukawa sehemu ya utaratibu wao.

Katika Atlantiki na Bahari ya Mediterania mwathirika mkuu ni samaki anayeitwa Dicentrarchus labrax, anayefugwa Ugiriki, Uturuki, Italia, Uhispania na kwingineko. Taarifa ya mapema juu ya ugonjwa wake, ya mwaka 1988, ilitoka kisiwa cha Martinique katika Karibi, ambako samaki huyo alifugwa mbali na kwao. Huko Mediterania ugonjwa haukubaki kwa viluwiluwi. Katika majira ya joto kali, maji yanapozidi nyuzi 25, huua hata samaki wakubwa walioko vizimbani. Kuna jambo moja katika habari ya Mediterania ambalo mimi huliona kuwa onyo kuliko yote. Samaki mwingine wa huko, Sparus aurata, alifikiriwa kwa miaka mingi kuwa haugui VNN, naye hufugwa jirani kabisa na yule anayeugua. Kisha virusi vya aina mbili vikabadilishana vipande vya vinasaba, kikatokea kirusi mchanganyiko, na katika muongo uliopita vituo vikaanza kupoteza viluwiluwi wa samaki huyo aliyedhaniwa kuwa sugu. Kuweka samaki wa aina mbalimbali katika kituo kimoja ni jambo linalovutia kibiashara, lakini kwa kirusi ni fursa ya kujifunza mwenyeji mpya.

Ili mjue kwa nini mabadiliko ya namna hiyo yanawezekana, na kwa nini usafi wetu wa kawaida hautoshi, ni lazima niseme machache kuhusu kirusi chenyewe. Ni kidogo hata miongoni mwa virusi, kikiwa na kipenyo cha takribani nanomita 25 hadi 30. Vinasaba vyake ni vipande viwili tu vya RNA: kimoja hubeba maelekezo ya kujinakili, kingine maelekezo ya kutengeneza ganda la protini. Virusi vya aina mbili vikikutana ndani ya chembe moja ya samaki, kizazi kinachotoka kinaweza kuchukua kipande kimoja huku na kingine kule. Ndivyo ilivyotokea Mediterania.

Kirusi hiki hakina utando wa mafuta. Wakati wa UVIKO-19 tulifundishwa kwamba sabuni huviua virusi vya korona kwa kuyeyusha utando wao, na fundisho hilo ni la kweli kabisa kwa virusi vile. Hiki hakina utando wa kuyeyushwa, na kwa hiyo ndoo ya maji ya sabuni mlangoni mwa kituo haitoshi. Katika maji ya bahari kinaweza kudumu miezi mingi kikiwa na uwezo wa kuambukiza. Katika majaribio ya Japani kiliangamizwa kwa joto la nyuzi 60 kwa dakika 30, na kwa klorini ya miligramu 50 kwa lita kwa dakika 10. Ozoni na mionzi ya urujuanimno hukiua pia, mradi kipimo kiwe sahihi na maji yawe yamechujwa vizuri kwanza, maana mionzi haipenyi kwenye maji ya tope. Kifaa cha mionzi kilichofungwa mbele ya chujio lililoziba hakimlindi samaki yeyote.

Watafiti wamevigawa virusi hivi katika makundi manne makuu, na makundi hayo hutofautiana kwa joto yanalolipenda. Kundi lililopewa jina kutokana na gayogayo wa Hokkaido hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 20. Lile la samaki bunju kwenye nyuzi 20 hivi. Lile la shima-aji kati ya 20 na 25. Na lile la chewa kati ya 25 na 30. Bahari ya pwani yetu, kutoka Kusi hadi Kaskazi, hubadilika ndani ya masafa hayohayo ya mwisho. Sisi hatuna majira ya baridi ya kukipunguza kasi kirusi cha chewa. Spishi zinazojulikana kupata maambukizi ya virusi vya VNN sasa zimepita 120, na miongoni mwao chewa na jamaa wa sangara wamo mstari wa mbele, yaani samaki walewale wanaotajwa kila mara tunapoota juu ya ufugaji wa thamani kubwa baharini.

Naomba hapa niwatoe wasiwasi walaji: kirusi cha VNN hakimwambukizi binadamu. Hasara yake ni ya samaki, ya mfugaji na ya bahari. Nalisema wazi kwa sababu nimeona jinsi uvumi juu ya ugonjwa wa samaki unavyoweza kuua soko la watu wasio na kosa lolote.

VNN si peke yake. Mwaka 1990, katika kisiwa cha Shikoku, Japani ilipata ugonjwa mwingine uliowaua kwa wingi vifaranga na samaki wachanga waliokwisha kuwekwa vizimbani, ukiletwa na kirusi cha jamii ya irido kinachoharibu wengu na figo. Huu husambaa zaidi kupitia maji kutoka samaki hadi samaki, hupamba moto wakati wa joto, na huwashambulia samaki wa spishi zaidi ya 30. Kwa ugonjwa huo Japani ilipata chanjo, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa ambayo ni lazima nchi itoe taarifa yakitokea. VNN haimo katika orodha hiyo kwa sasa. Wanunuzi wa vifaranga na wa samaki wazazi kutoka nje wanapaswa kulijua hili vizuri, kwa sababu cheti cha afya kinachofuata orodha ya kimataifa peke yake kinaweza kuwa halali kwa kila herufi na kisiseme neno lolote juu ya VNN. Asiyeuliza hataambiwa.

Sasa nije kwetu. Zanzibar ina kituo cha kuzalisha vifaranga wa viumbe wa baharini huko Beit el Ras, kilichojengwa kwa ushirikiano wa FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Jamhuri ya Korea. Kenya imeamua kuweka kituo chake cha taifa cha rasilimali na mafunzo ya ufugaji wa baharini huko Shimoni, Kwale. Nazifurahia hatua hizi kwa dhati. Mfugaji wa mwatiko wa Kilifi, Tanga, Pemba au Mtwara hawezi kukuza kazi yake ikiwa kila msimu anategemea bahati ya bamvua na vifaranga wanaozidi kupungua vijitoni. Lakini kuhama kutoka kukusanya vifaranga baharini hadi kuwazalisha kituoni ni kuhama pia kutoka aina moja ya hatari kwenda nyingine. Vifaranga waliokusanywa huja kutoka kwa wazazi wengi mno waliotawanyika baharini. Vifaranga wa kituo huweza kuwa wote wana wa majike kumi. Mzazi mmoja mgonjwa alikuwa si kitu katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili anaweza kuwa msimu mzima wa wilaya nzima.

Wala tusidhani kwamba virusi vya viumbe wa majini ni habari za mbali. Ugonjwa wa virusi wa madoa meupe wa kamba uliingia Msumbiji mwaka 2011, katika eneo la Quelimane, na mwaka uliofuata ukaingia Madagaska. Mashamba ya kamba yaliyojengwa kwa miaka mingi yalilazimika kusimama. Mwaka 2018 watafiti walichapisha ushahidi wa vinasaba vya kirusi cha sato, kinachojulikana kwa kifupi TiLV, katika sato wa kufugwa na wa porini wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, kwa samaki ambao hawakuonyesha dalili. Kamba si samaki, na sato si wa baharini, lakini mifano yote miwili inatuambia kwamba bahari yetu na maziwa yetu yamo ndani ya ramani ya magonjwa haya.

Kwa hiyo nashauri nini? Kwanza kabisa, fedha za kituo zianze kutengewa samaki wazazi kabla ya kutengewa idadi ya matangi. Kila samaki anayeletwa kuwa mzazi, awe amevuliwa hapa au amenunuliwa ng'ambo, akae kwanza katika tangi la karantini lenye bomba lake, nyavu zake, ndoo zake na mhudumu wake. Achukuliwe damu kwa ajili ya kingamwili, na anapokaribia kutaga achukuliwe sampuli ndogo ya mayai au shahawa kwa ajili ya PCR. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu samaki mwenye virusi vichache huonekana hana leo, akaonekana navyo baada ya uchovu wa kutaga. Idadi ya mara za kumtagisha iwekewe mpaka kwa maandishi, na mpaka huo uheshimiwe hata mteja akisimama mlangoni na fedha mkononi.

La pili ni chakula cha wazazi. Desturi yetu ya kuwapa samaki wakubwa dagaa wabichi na mabaki ya samaki kutoka sokoni ni rahisi na samaki huipenda, lakini samaki wabichi kutoka baharini wanaweza kuwa wabebaji, na kugandisha kwenye friza hakuwi ulinzi, kwani kirusi hiki huvumilia baridi. Chakula kilichopikwa kwa joto la kutosha, au cha kiwandani, ni ghali zaidi. Kwa tangi la wazazi, ambao ni wachache, gharama hiyo inabebeka. Sitetei kwamba kila samaki wa bwawani alishwe hivyo.

Najua swali litakaloulizwa: maabara iko wapi? Mashine ya PCR iliyokuwa ikipima UVIKO-19 haijui tofauti kati ya binadamu na kolekole. Kinachobadilika ni vitendanishi, namna ya kuandaa sampuli, na ujuzi wa anayesoma majibu. Tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro, tunayo TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, na wenzetu wa Kenya wanayo KMFRI, taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi, mjini Mombasa. Kinachohitajika ni makubaliano rasmi kati ya vituo vya vifaranga na taasisi hizo, yakieleza sampuli zipelekwe lini, majibu yarudi kwa muda gani, na nani alipe. Kituo chenye wazazi ishirini kinahitaji kupima ishirini. Kikisubiri hadi mlipuko, kitapima maiti, na majibu yatakuwa ya kumbukumbu tu.

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu zaidi liwe la mwisho, nalo ni vifaranga wanaosalimika. Mlipuko unapotokea, mara nyingi hubaki sehemu fulani ya kundi ambayo inakula, inakua na inaonekana nzima. Mwenye kituo amekwisha kupoteza wengi. Ana mishahara ya kulipa na umeme wa kulipia. Na hawa waliobaki wana bei. Lakini waliosalimika ni wabebaji. Wakiuzwa, virusi vitapanda nao gari hadi kwenye kila bwawa na kila kizimba watakakopelekwa, na baadhi yao, miaka michache baadaye, watachaguliwa kuwa wazazi kwa sababu walikua vizuri. Kundi la namna hiyo halina budi kuangamizwa lote, maji ya tangi lake yatiwe klorini kabla hayajarudi baharini, na mizoga ifukiwe ndani ya chokaa, isitupwe ufukweni wala kugeuzwa chakula cha samaki wengine.

Kumwambia mtu binafsi afanye hivyo kwa hasara yake peke yake, kwa faida ya wafugaji wasiomjua, ni kumtaka awe na moyo ambao sheria haiwezi kuutegemea. Atauza usiku, nasi tutapata habari mwaka wa pili. Kwa hiyo natoa pendekezo kwa wizara na mamlaka zinazohusika, za Bara na za Visiwani, kwamba pawepo na mfuko wa fidia kwa kituo kinachotoa taarifa mapema na kukubali kuangamiza kundi, fidia ikitolewa kwa kiwango kinacholingana na gharama za uzalishaji, na kwamba jina la kituo lisitangazwe sokoni wakati uchunguzi unaendelea. Atakayeficha na kuuza, huyo asipate fidia na anyang'anywe leseni. Mfuko huo unaweza kuchangiwa na tozo ndogo kwa kila elfu moja ya vifaranga wanaouzwa, pamoja na sehemu ya fedha za miradi ya wafadhili wanaojenga vituo hivi. Naomba, Ndugu Mwenyekiti, kipindi cha maswali kianze na hoja hii ya fidia, na wa kwanza kupewa nafasi wawe wafugaji wenyewe, kwa kuwa wao ndio watakaotuambia kiwango gani cha fidia kingemfanya mtu achukue simu na kutoa taarifa usiku uleule anapoona viluwiluwi wake wanazunguka.